Turbo ya umeme kwenye gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Gari la kwanza la kuuzwa kwa raia likiwa na kompresa ya umeme (mota inayozungusha feni ya kushindilia hewa) kwenye njia ya hewa lilitoka Ujerumani mwaka 2016. Magari ya kizazi kile sasa ni mtumba, na njia ya mtumba tunaijua: bandarini, halafu barabarani kwetu. Mimi ni fundi umeme wa magari, Dar es Salaam. Haya ndiyo ninayoulizwa zaidi na wenye magari, madalali na mafundi wenzangu.

Kwanza, turbo ya kawaida inafanyaje kazi?

Injini inakula mafuta na hewa. Kuongeza mafuta ni kazi nyepesi. Hewa ndiyo ngumu, kwa sababu pistoni ikishuka inavuta kiasi cha silinda yake tu. Turbo ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Feni ya upande wa moto inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Feni ya upande wa baridi inazunguka nayo na kushindilia hewa ndani. Moshi ambao ungepotea bure unafanyishwa kazi kabla haujatoka. Wazo ni la zamani: Mswisi Alfred Büchi alilichukulia hataza mwaka 1905.

Kama ni nzuri hivyo, wameiongezea umeme wa nini?

Kwa sababu inachelewa. Uko kwenye mlima Kitonga, nyuma ya lori la makontena. Umeona nafasi, umekanyaga mafuta mpaka chini. Kwa nusu sekunde, pengine sekunde nzima na zaidi, gari linavuta kinyonge kana kwamba halijasikia. Halafu linachanganya ghafla na mgongo wako unabanwa kwenye kiti. Ile nusu sekunde ya kimya ndiyo ugonjwa wenyewe, na ukiwa upande wa kulia wa barabara, mbele kuna kona, ni ndefu mno.

Chanzo chake ni mduara. Injini ikiwa inazunguka taratibu, moshi ni mchache. Moshi mchache hauna ubavu wa kuzungusha feni. Feni isipozunguka, hewa haiongezeki. Na hewa isipoongezeka, moshi nao unabaki palepale. Turbo iliyoamka inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na shafti na feni zake zina uzito ambao lazima usukumwe kutoka chini hadi huko. Ukifunga turbo ndogo, inaamka mapema lakini kwenye mwendo inaishiwa pumzi. Ukifunga kubwa, ina pumzi ndefu lakini inaamka kwa kujivuta. Mota ya umeme haisubiri moshi. Ikipewa amri, inazunguka.

Umeme unaingia wapi hasa?

Kwa njia mbili, na watu wengi wanazichanganya.

Njia ya kwanza ni kompresa ya umeme inayojitegemea. Haina feni ya moto kabisa, ni mota na feni ya kushindilia hewa, ikisaidiana na turbo za kawaida zilizopo. Ndiyo iliyofungwa kwenye Audi SQ7 TDI ya 2016, V8 ya dizeli ya lita 4.0. Kompresa yenyewe ilitengenezwa na Valeo ya Ufaransa, ina mota ya kilowati 7, na inafika mizunguko 70,000 kwa dakika ndani ya robo sekunde. Injini ile inatoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 900 kuanzia mizunguko 1,000 tu kwa dakika, yaani juu kidogo ya pale injini inaponguruma gari likiwa limesimama. Kwa dizeli nzito kama ile hayo ni mafanikio makubwa, na nayasema kwa heshima. Mercedes-Benz walifuata mwaka 2017 na injini yao ya silinda sita za mstari, M256, ingawa baadhi ya matoleo ya injini hiyohiyo hayakuwekewa kompresa ya umeme. Ukiliangalia gari lenye injini hiyo, usiamini jina la injini, angalia kifaa chenyewe.

Njia ya pili ni mota kuwekwa ndani ya turbo, kwenye shafti ileile, katikati ya feni mbili. Mercedes-AMG C 43 ya 2022 inayo, kwa ushirikiano na Garrett. Mota hiyo ina unene wa sentimita 4 hivi, na injini ya silinda nne ya lita 2.0 inatoa nguvu za farasi 408. Porsche 911 Carrera GTS iliyotoka 2024 nayo ina turbo moja ya aina hii badala ya zile mbili za kawaida za mtangulizi wake.

Njia hii ya pili ina jambo ambalo kila nikimweleza fundi mwenzangu naona macho yanamng'aa. Moshi ukizidi haja, mota inageuka jenereta. Inaikamata shafti, inaizuia isizidi kasi, na nguvu iliyozuiwa inakuwa umeme, hadi kilowati 11 kwa Porsche. Kwenye turbo nyingi tulizozizoea, moshi uliozidi unamwagwa pembeni kupitia valvu. Porsche wameing'oa valvu hiyo. Moshi uliokuwa ukitupwa sasa unachaji betri.

Turbo ya Prado yangu ina plagi ya waya. Ni ya umeme?

Hapana. Injini ya Toyota 1KD, ile ya Prado na Hilux za dizeli, ina kimota kidogo ubavuni mwa turbo. Kazi yake ni kusogeza vibawa vinavyoizunguka feni ya moto ili moshi ubanwe au uachiwe. Hakizungushi shafti. Fundi akikuambia "turbo yako ya umeme imekufa" na kukutajia bei ya turbo nzima, muulize kwa utulivu: kilichokufa ni kipi, turbo au kile kimota? Mara nyingi vibawa vimegandishwa na masizi, na turbo yenyewe ni nzima.

Mtandaoni wanauza "turbo ya umeme" ya volti 12, bei chee. Nifunge?

Usifunge. Ni feni ya kupepea. Hesabu yake haihitaji chuo kikuu.

Kompresa ya Audi inahitaji kilowati 7. Gawa wati 7,000 kwa volti 12, unapata karibu ampea 583. Waya wa umeme huo ungekuwa mnene kuliko wa starta, na alteneta ya gari la kawaida haiwezi hata kuusogelea. Kile kifaa cha mtandaoni kina waya mwembamba kama wa redio na fyuzi ya ampea chache. Injini yako ikiwa mwendoni inavuta hewa nyingi kuliko feni ile inavyoweza kusukuma, kwa hiyo feni inageuka kizuizi kwenye njia ya hewa. Umelipa pesa ili gari lipungue nguvu. Kuna ubaya mwingine: feni ile ni ya plastiki, iko baada ya kichujio cha hewa, na kibawa kikikatika hakuna cha kukizuia kisiingie kwenye injini.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inaeleza kwa nini magari yenye turbo halisi ya umeme yana mfumo wa pili wa umeme. Kwa volti 48, kilowati 7 ni ampea 146 hivi. Hapo waya unafungika. Volti 48 pia ziko chini ya mpaka wa volti 60 za mkondo mnyoofu (DC), ambao juu yake kanuni za usalama zinakuwa kali zaidi. Porsche wamekwenda volti 400, na hapo kilowati 11 zinapita kwa ampea 28 tu. Lakini volti 400 zinaua.

Mota inaishije karibu na moto wa ekzosi?

Kwa shida, na shida hiyo ndiyo sehemu kubwa ya gharama yake. Moshi wa injini ya petroli yenye turbo, gari likikimbizwa, unakaribia nyuzi joto 1,000. Sentimita chache kutoka hapo kuna sumaku, na sumaku za nguvu za aina hii nyingi huanza kudhoofika kabla hata ya nyuzi 200. Kwa hiyo katikati lazima kuwe na ukuta wa kukinga joto, njia za maji, njia za oili, na pampu inayoendelea kuzungusha maji hata injini ikishazimwa. Kumbuka pia kuwa shafti hiyo kwenye magari ya AMG inafika mizunguko 150,000 kwa dakika. Hiyo ni mara 2,500 kwa sekunde moja. Ukipepesa jicho, imeshazunguka mamia ya mara, na sumaku iliyofungwa juu yake haitakiwi kuyumba hata unywele.

Ni kweli ilitoka kwenye Formula 1?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Tangu 2014 kanuni za Formula 1 zilitaka injini ya V6 ya lita 1.6 yenye turbo, na kwenye shafti ya turbo hiyo ikaruhusiwa mota-jenereta, kifaa kinachojulikana kama MGU-H. Kilikuwa kinaua uchelewaji na kurudisha umeme kutoka kwenye moshi. Mwaka 2017 Mercedes walitangaza kwamba injini yao, ikiwa kwenye mashine ya kupimia, imepita asilimia 50 ya ufanisi: zaidi ya nusu ya nguvu iliyomo kwenye mafuta ilikuwa inageuka kazi. Injini nyingi za petroli barabarani hazijawahi kuliota hilo.

Sasa tazama upande wa pili. Honda, watu ambao injini ni damu yao, waliingia kwenye kanuni hizo mwaka 2015 wakiwa na timu ya McLaren. MGU-H ilikuwa kati ya vitu vilivyowatesa zaidi. Timu ilimaliza msimu ule nafasi ya tisa kati ya kumi. Waliendelea kwa kufa na kupona, na mwaka 2021 Max Verstappen akawa bingwa wa dunia akisukumwa na injini ya Honda. Msimu wa saba, kwa kampuni yenye maabara, bajeti na wahandisi ambao gereji yoyote duniani haiwezi kuwa nao.

Na kanuni mpya za 2026 zimeiondoa MGU-H. Sababu zilizosemwa wazi ni gharama na ugumu wake: kampuni mpya zilikuwa zinaogopa kuingia kwa sababu yake. Audi walitangaza kuingia mwezi Agosti 2022, baada ya kanuni hizo kupitishwa. Badala yake umeme umeongezwa kwenye mota inayosukuma magurudumu, kutoka kilowati 120 hadi 350. Yaani mashindano ya magari yenye gharama kubwa mno yameutua mzigo wa kifaa hiki wakati magari ya barabarani ndiyo yanaanza kukibeba.

Basi hasara ya ugumu ni nini, kama gari linakwenda vizuri?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mnunuzi aulize, kwa hiyo nitakaa hapa.

Turbo ya kawaida ninaipima hivi. Nalegeza klipu ya hosi ya hewa kwa bisibisi, naivuta hosi pembeni, naingiza vidole viwili na kushika ncha ya shafti. Naitikisa juu na chini. Ikicheza kidogo ni kawaida, kwa sababu nafasi ile hujazwa na oili injini ikiwaka. Ikicheza mpaka kibawa kinagusa ukuta wa nyumba yake, imekwisha. Kisha naivuta mbele na nyuma. Hapo haitakiwi kucheza karibu chochote. Namulika kwa simu nione kama vibawa vimelowa oili au vimelika pembeni. Dakika kumi. Mwenye gari amesimama hapohapo, anaona ninachokiona, na hata asiponiamini anaweza kuingiza vidole vyake mwenyewe.

Turbo ya umeme haipimwi kwa vidole peke yake. Nyuma ya shafti ile kuna mota, sensa ya kasi, sensa ya joto, inveta inayoukatakata umeme kwa mpangilio, nyaya nene, betri ya pili, kigeuzi cha kushusha volti kwenda 12, jenereta inayofanya pia kazi ya starta, pampu ya maji ya ziada, na programu zinazozungumza kwenye kompyuta kadhaa. Chukua mnyororo wa vitu kumi, kila kimoja kina uhakika wa asilimia 99 wa kumaliza mwaka bila hitilafu. Mnyororo mzima una uhakika wa asilimia 90 tu. Vikiwa thelathini, unashuka mpaka 74. Hakuna kifaa kibovu hata kimoja humo. Wingi wao ndio unaoponza.

Mwaka mmoja nililetewa gari la kifahari likiwa juu ya lori la kubebea magari. Mwenyewe alisafiri, akaliacha limeegeshwa miezi miwili. Aliporudi halikuwaka. Injini nzima, turbo nzima, mafuta yapo. Betri ya volti 48 ilikuwa imeshuka chini ya kiwango na kujifungia yenyewe kwa usalama, na kwenye gari lile starta inategemea betri hiyo. Kuifungua kulihitaji ruhusa kutoka kwenye mtandao wa kiwanda, na ruhusa hiyo hatukuwa nayo. Gari lilikaa uani wiki tatu chini ya turubai, likisubiri neno la siri. Kila asubuhi nilikuwa nalipita, na kila asubuhi nilijua hakuna kitu ndani yake kilichovunjika. Ilinichoma, kwa sababu mwenyewe alikuwa ananiangalia mimi kama ndiye niliyeshindwa kazi.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Mnunuzi wa kwanza, kule Stuttgart au Yokohama, anatumia gari miaka mitatu minne chini ya waranti. Kila sensa ikisumbua, anapewa gari la kutumia na kahawa ya kusubiria. Ugumu kwake ni raha tupu. Bili ya ugumu huo inaandikwa kuanzia mwaka wa nane na kuendelea, inveta ikizeeka na betri ikichoka, na wakati huo gari liko Ilala, Kampala au Lubumbashi. Aliyechora gari hilo hakumfikiria mmiliki huyu wa tatu. Na sisi, kwa sehemu kubwa, ndio wamiliki wa tatu wa dunia hii.

Si mlisema hivyohivyo EFI ilipokuja?

Tulisema, na tulikosea. Mafundi wa kabureta walilalamika kwamba injini hizo za EFI, zenye sindano za mafuta zinazoongozwa na kompyuta, hazitatengenezeka. Leo hakuna anayetamani kurudi kwenye kurekebisha choki asubuhi ya baridi. Swali hili ni la haki na nalipa uzito.

Lakini tazama tofauti. EFI ilikuja ikaondoa kitu: kabureta yenye jeti, chemchemi na gasketi zake ilitoka, sindano na sensa zikakaa mahali pake. Kompresa ya umeme kwenye SQ7 haikuondoa kitu. Turbo mbili za kawaida zilibaki, tena zinapokezana kwa kubadilisha namna valvu za moshi zinavyofunguka, na juu ya hayo ikaongezwa ya tatu na mfumo wake wa umeme. Hilo ndilo ninaloliogopa. Turbo ya Porsche iko nafuu kwa kipimo hiki: valvu ya moshi imetoka, turbo moja imetoka, na mkanda wa mbele wa injini nao umetoka kwa sababu kompresa ya AC sasa inaendeshwa na umeme. Bado ni gari gumu. Lakini unaona kwamba kuna mtu alikaa akajiuliza nini kinaweza kutolewa.

Kuna historia ya turbo kushindwa kwa sababu ya ugumu?

Ya mwanzo kabisa. Mwaka 1962 Marekani walitoa magari mawili ya kwanza ya kuuzwa yakiwa na turbo. Moja lilikuwa Oldsmobile Jetfire, V8 ya lita 3.5. Ili injini isigonge kwa joto, ilidungiwa mchanganyiko wa maji na methanoli kutoka kwenye tangi dogo ambalo mwenye gari alipaswa kulijaza kila linapopungua. Wahandisi walijua kwamba watu watasahau, wakaweka valvu ya kupunguza nguvu tangi likikauka. Watu walisahau kweli. Gari likawa zito, wakaona ni bovu, na mengi yakaishia kung'olewa turbo na kufungwa kabureta ya kawaida. Yalitengenezwa chini ya 10,000, na mwaka 1963 ukawa mwisho wake. Teknolojia ilikuwa sahihi. Ilidai tu kitu ambacho maisha ya mwenye gari hayakuwa na nafasi nacho.

Hakuna njia nyingine ya kuondoa uchelewaji?

Zipo nyingi. Vibawa vinavyosogea, kama vya Prado hapo juu, ndiyo njia iliyoenea zaidi kwenye dizeli. Kuna turbo yenye njia mbili za moshi, ambayo haina kifaa cha ziada kinachosogea na mimi naipenda kwa sababu hiyo. Kuna turbo mbili zinazopokezana. Waliowahi kuendesha Subaru Legacy twin turbo wanalijua lile bonde katikati, pale ya kwanza inapoachia na ya pili haijashika. Volvo mwaka 2016 walikuja na wazo zuri sana kwenye dizeli yao ya D5: tangi la lita 2 la hewa iliyoshindiliwa, likifunguliwa linaipuliza turbo iamke.

Njia ninayoiamini zaidi kwa mtu wa kawaida ni ile ya kuacha turbo kama ilivyo, na kuweka mota ya umeme kwenye gia au kwenye shafti kuu ya injini. Mota hiyo inasukuma gari kwa ile nusu sekunde turbo inapoamka, na dereva hahisi pengo. Inafanya kazi kwenye joto la kawaida na mizunguko ya maelfu, si malaki. Porsche wenyewe wameweka zote mbili, ya kwenye turbo na nyingine ya kilowati 40 ndani ya gia. Formula 1, kwa kuondoa MGU-H na kukuza mota ya magurudumu, wameelekea upande huu.

Kwa nini basi viwanda vinajisumbua?

Sheria za moshi za Ulaya, zaidi ya kitu kingine. Zamani injini ya turbo ikikamuliwa sana ilimwagiwa petroli ya ziada ili kupoza moto. Petroli hiyo inatoka nje kama moshi mchafu. Ukiwa na turbo kubwa inayoamka kwa umeme, unaweza kupata nguvu bila kumwaga mafuta ya ziada, na Porsche wanasema 911 hii inabaki kwenye mchanganyiko sahihi wa hewa na mafuta kwa mwendo wote. Sababu nyingine ni kupunguza ukubwa wa injini. AMG C 63 iliyotangazwa 2022 iliacha V8 ikachukua silinda nne za lita 2.0, turbo ya umeme na mota ya nyuma: farasi 680, na uzito wa zaidi ya tani mbili. Nguvu ipo. Sedani ya kiasi kile kuvuka tani mbili mimi naiona ni dalili mbaya.

Inasaidia kwenye miinuko?

Ndiyo. Nairobi au Mbeya hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko Mombasa au Dar, kwa hiyo injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Turbo yoyote inafidia, ila inalazimika kuzunguka zaidi na inachelewa zaidi kuamka. Ya umeme inaamka vilevile kokote.

Nimepata la mtumba lenye mfumo huu kwa bei nzuri. Ninunue?

Bei nzuri ya kununulia si bei ya kulitunza. Kabla hujalipa, fanya haya. Taka ripoti ya kompyuta iliyosomwa na mashine yenye uwezo wa gari hilo hasa, si kile kidude cha Bluetooth kinachosoma kila gari. Ulizia afya ya betri ya 48 au ya volti kubwa, na kama haimo kwenye ripoti, usikubali kuambiwa "iko poa". Liwashe likiwa baridi kabisa, asubuhi, usikubali ulikute limeshapashwa moto. Likiendeshwa, kanyaga mafuta ghafla kutoka mwendo mdogo: likichelewa kuamka kama turbo ya kawaida, mfumo wa umeme umejizima na umebaki na turbo kubwa isiyo na msaidizi. Kisha piga simu uulize bei ya inveta na ya turbo nzima, upate pia jina la fundi katika mji wako aliyewahi kuligusa gari la aina hiyo. Usipompata huyo fundi, nakushauri uliache.

Fundi wangu wa mtaani anaweza kuitengeneza?

Oili, hosi, vichujio, kuvuja kwa hewa: anaweza, na vizuri. Mota ya ndani ya turbo haifunguliwi mtaani. Hata turbo ya kawaida ikifunguliwa, shafti inatakiwa isawazishwe upya kwa mashine. Hii yenye sumaku ndiyo kabisa. Nyaya za rangi ya chungwa, zile za volti kubwa, asiziguse mtu ambaye hajafundishwa kuzima mfumo na kupima kwamba umezimika kweli. Nimeona vijana hodari wakizivuta kwa mikono mitupu kwa kuzoea volti 12, na moyo ukanipaa.

Nililo nalo tayari nilitunzeje?

Oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, na ibadilishwe kabla ya muda wa Ulaya, kwa sababu foleni na vumbi letu havimo kwenye hesabu zao. Maji ya rejeta yawe kipozi (coolant) cha aina sahihi. Maji ya bomba yanaacha magamba kwenye vinjia vyembamba vinavyopoza mota. Ukitoka mwendo mkali, endesha taratibu dakika moja mbili za mwisho kabla ya kuzima. Ukisafiri kwa muda mrefu, mwachie mtu funguo aliendeshe nusu saa kila wiki, kwa sababu kuliwasha uani na kulizima hakutoshi kurudisha betri. Na taa ya hitilafu ikiwaka usiifute tu. Andika kwanza namba ya kosa, tarehe na gari lilikuwa linafanya nini. Daftari hilo limenisaidia kuliko mashine mara nyingi.

Naweza kuosha injini kwa maji ya presha?

Usioshe. Plagi za inveta na za turbo zina mipira ya kuzuia maji ya mvua, si ya mtutu wa presha kwa umbali wa kiganja. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, injini ikiwa imepoa.